Kivuli Kisichokuwemo Kwenye Ramani

Mheshimiwa Gavana, ambaye kiti chako kimefika na wewe mwenyewe uko njiani kutoka Kairo. Waheshimiwa wajumbe wa Kamati Kuu, Kamati Ndogo na Kamati ya Kuunganisha Kamati. Mashehe, makasisi, wanahabari. Na ninyi wakazi wa maghorofa ya Zahrat al-Raml, mlioshuka orofa tano kwa miguu kwa sababu lifti zimo kwenye awamu ya pili: asalamu alaykum! (Makofi, yakiongozwa na katibu wangu.)

Mimi, Mhandisi Shawkat, Mkurugenzi wa Urembo wa Kijani, nilikuta hapa mchanga mtupu. Leo, kwa mkakati jumuishi, shirikishi na endelevu, ulioandaliwa ofisini kwangu bila usumbufu wa wakazi, kila familia ina miti mitatu nukta saba, na joto limepungua kwa asilimia arobaini, kipimo nilichokichukua mwenyewe nikiwa garini. (Sauti: "Hicho kiyoyozi, bwana mkubwa!") Tazameni mashina yalivyopakwa chokaa kumpokea mgeni, kwa bidii isiyobagua, maana vijana wetu wamepaka hata makopo ya miti. (Kicheko.) Msicheke. Makopo ni utaalamu.

Nije kwenye kero. Mforsadi huu ninaohutubia chini yake, kwa kuwa jua ni kali, haumo kwenye ramani. Hajati Inshirah wa nyumba ya chini aliupanda miaka tisa iliyopita bila kibali, akaunywesha maji ya kuoshea mchele, na sasa wazee wanakunywa chai hapa bila utaratibu wowote. Utakatwa leo, mara nitakapomaliza kuutumia.

(Hajati Inshirah: "Mwanangu, katika miti yako yote hiyo, upi umekupa kivuli?" Wakazi: "Mjibu!")

Mama yangu, kivuli chako ni cha kienyeji. Chetu kina mhuri.

Nihitimishe. Kijani ni haki! Kivuli ni mpango! (Katibu peke yake anapiga makofi.) Kwa namna ya pekee namshukuru Maalim Bayumi, mwenye kitalu, aliyetuazima miti yote thelathini na sita mpaka adhuhuri, kwani alasiri inakwenda kupamba harusi. Na kwa kuwa Gavana amechelewa na adhuhuri imefika, vijana wapakie.

(Makopo yanapanda lorini. Mpakiaji anarudi akijifuta jasho: "Mhandisi, yote tumepakia, ila huu mforsadi hautoki.")

Hautoki kwa nini?

("Una mizizi.")

Mizizi? Nani aliidhinisha mizizi? (Vicheko. Hajati Inshirah ameleta kiti, amekaa akiegemea shina. Ving'ora vinasikika barabarani.) Huyo ni Gavana? Katibu, shoka lirudi garini! Futa lile neno "kero", andika "mafanikio": mradi umekamilika kwa asilimia mia moja, mti mmoja, uliopandwa na Idara, usiguswe na mtu.

("Sawa, mwanangu," anasema Hajati Inshirah, akimnyooshea ndoo. "Maji ya mchele haya. Mwagilia mti wako.")