Cadenas ya Kisima cha Bigo

Citoyens, citoyennes, furahini! Tangu leo, tarehe 14 mai 1981, Bunia imetangulia dunia nzima katika utawala bora wa maji. Ulaya bado wanajadili. Siye tumeshafunga.

Nasema hivyo kama Secrétaire wa Tume ya Kanuni za Kimataifa za Maji, yenye watu watano na mihuri miwili. Citoyen Président Uringi alianza kwa kutia cadenas, ile kufuli ya chuma, kwenye kisima cha mutaa wa Bigo, maana huwezi kufikiria maji vizuri wakati watu wanayateka. Kwa siku tatu tukatunga kanuni ishirini na mbili. Ya kwanza: maji ni ya wote. Ya pili: kwa hiyo mutu asiyaguse mpaka nchi zote zitie sahihi.

Leo asubuhi Mama Léonie, anayesafisha kisima na kujaza mutungi wa bureau yetu, alikuja na bidon tupu ya kutekea maji.

— Citoyen Président, binti yangu amezaa sasa hivi. Mutoto hajaogeshwa. Fungua kidogo tu!

— Nchi ngapi zimetia sahihi, mama?

— Mimi nitajua wapi?

— Moja. Siye. Ngoja zingine.

Nikaandika katika procès-verbal, daftari la kikao: «Umma umeshauriwa.»

Saa sita tukasherehekea kwa ugali na samaki ya chumvi ya Kasenyi. Ile chumvi, yoo! Président akatumbukiza kopo katika mutungi. Mukavu! Bia ilikwisha tangu kanuni ya tisa, na robinet, bomba la bureau, ilikauka zamani. Hakuna aliyekumbuka kwamba tulijifungia wenyewe.

Akatoka mbio na ufunguo, tumbo mbele, siye nyuma. Bigo nzima ikapiga vigelegele. Lakini pale kisimani bidon ndiyo inashika nafasi ya mwenyewe, na bidon za wamama zilikuwa zimepangwa tangu siku ya kwanza. Cadenas ikafunguka, Mama Léonie akapitishwa mbele.

— Kwanza mutoto, wakasema wote, bila kupiga kura.

Président hakuwa na bidon. Akaweka malette yake, mukoba wa ngozi wa makaratasi, mwisho wa mustari. Mama Léonie alipopita na maji kichwani, Président akamushika kitenge.

— Mama, kopo moja tu. Ulimi umekauka!

— Bidon ngapi ziko mbele yako, Président?

— Quarante-deux. Arobaini na mbili!

— Ngoja zingine.

Nikafungua procès-verbal, nikaandika: «Serikali imeshauriwa.» Halafu nikaweka malette yangu nyuma ya yake.