Dakika Mbili za Watoto Wasiojulikana

"Sikilizeni!" Hakimu alipiga gazeti la mji kwa kiganja, chai ikamwagika. Walimpa jina hilo tangu alipotoa ushahidi kwenye kesi ya farasi, na hadi leo huongea kama anayehukumu. "Jumamosi makumbusho ya mji yanafunua picha kubwa ya sisi Wakrii, wenyeji wa asili wa Kanada, tukiwa shule ya bweni ya mapadri. Meya atavaa fulana ya rangi ya chungwa, ile ya kuwakumbuka watoto wa shule hizo. Kibao cha picha: 'Watoto Wasiojulikana'."

"Wasiojulikana na nani?" Bingo akadakia. Mama huyu hakosi mchezo wa bingo wa Jumanne hata theluji ifike magotini. "Huyu wa pembeni si Napoleoni, aliyetembezwa uwanjani na shuka alilolikojolea? Na mwenye masikio haya, Klotilda!"

"Na huyu wa mbele ni mimi," Filomena akasema.

Wakainama wote juu ya gazeti. Kweli alikuwa yeye, na miaka yake sita, kanyolewa kipara, kanuna. Aliyemshika mkono ni kaka yake Alfonsi, aliyezikwa nyuma ya shule majira yale yale ya baridi, pasipo msalaba wala jina. Filomena alitaka jambo moja tu: Alfonsi atajwe kwa jina lake mbele za watu.

"Si uende ukawaambie!" Bingo akasema.

"Nimeenda mara tatu. Mkurugenzi wa makumbusho ni kijana mpole, kanipa hadi keki. Ila anasema maneno ya mdomo hayatoshi, anataka daftari la shule lenye majina."

"La mapadri?" Hakimu alicheka hadi akakohoa. "Walitunyang'anya majina wakatupa namba, leo ndio mashahidi wa majina yetu?"

"Nikamwambia, mwanangu, huyu hapa ni mimi. Akaniuliza nina uthibitisho gani."

"Ungemnunia tu, dada! Sura ni ileile!" Bingo akasema.

Filomena mwenyewe akacheka. Kisha akatoa barua kwenye mkoba. "Sasa someni hii. Mgeni rasmi wa kuvuta kitambaa ni mimi."

"Ngoja kwanza," Bingo akasema. "Jukwaani unajulikana, kwenye picha hujulikani?"

"Ndiyo maridhiano wanayotuhubiria hayo," Hakimu akamjibu. "Wanampatanisha na yeye mwenyewe."

"Wamenipa dakika mbili za kusema."

"Shule ilituchukulia miaka tisa, zinarudi dakika mbili! Wana roho nzuri hao," Hakimu akasema.

"Nitataja majina tu ya watoto wa pichani. Yote ishirini na sita."

Hakimu akavua saa apime muda, Filomena akaanza. Lakini kwa Wakrii mtu hatajwi peke yake. Lazima useme ni wa mama gani na wa kijito kipi. Alipomaliza, mkate wa kukaanga mezani ulikuwa umepoa.

"Dakika saba," Hakimu akasema. "Punguza, dada."

"Nimpunguze nani?"

Bingo akaitazama picha. "Hata Napoleoni simtoi, na aliniibia viatu."

"Watakuzimia kipaza sauti," Hakimu akaonya.

"Wazime. Nikikatizwa, wewe inuka kitini uendelee. Wakikutoa nje, Bingo anapokea."

"Mimi? Hawanitoi hao, labda wanibebe!"

Hakimu akakunja gazeti polepole. "Na Alfonsi unamweka wapi?"

"Wa kwanza, kabla sijavuta kitambaa. Kibao chao kikionekana, kiwe tayari ni cha uongo."