Nilivyowaita Watafuta Kazi Kwenye Supu ya Shangazi

Wapendwa, leo nimeaibika. Nimeaibika hadi masufuria yamenionea huruma.

Shangazi yangu ana mgahawa hapa Tunduma, nyuma ya maegesho ya malori. Supu yake ukiionja unasahau safari. Lakini wateja wamepungua, na juzi akaniambia mwisho wa mwezi anafunga, anarudi Iyula kulima mahindi. Aliyenilea ni yeye. Nitakaaje kimya na simu ninayo?

Nikaufungulia mgahawa ukurasa mtandaoni. Halafu nikapata kifaa cha bure: unaandika neno, kinakuonyesha kwa mstari watu wanalitafuta kiasi gani. (Hapo nikajiona mtaalamu. Kidato cha nne changu mnajua kilivyoisha.) Nikaandika "supu Tunduma". Mstari ukalala chini kama mgonjwa wa malaria. "Chapati Tunduma" nayo hoi. Nikaandika "nafasi za kazi Tunduma". Weee! Mstari ukapanda mpaka juu, ukakaa hukohuko.

Nikawaza, wakija hata robo ya hawa, shangazi hafungi. Jana asubuhi nikaweka kwenye ukurasa kwa herufi kubwa: NAFASI ZA KAZI TUNDUMA. Chini yake supu, chapati, saa ya kufungua na ramani ya kufika. (Nilidhani maneno yale ni ya kuvuta kompyuta tu. Kumbe yanasomwa na watu.)

Leo asubuhi nafika, nje kuna foleni! Nikamwita shangazi atoke jikoni aone. Akatoka na mwiko mkononi, akawatazama: mashati yamepigwa pasi, viatu vinang'aa, kila mmoja na bahasha ya kaki kifuani.

"Mwanangu," akaninong'oneza, "hawa wanakwenda msibani?"

Sijajibu, dada mmoja akasogea, akapiga goti kidogo, akamkabidhi bahasha kwa mikono miwili. "Shikamoo mama. Nimeleta vyeti." Alikuwa ametoka Ikinga jana, akalala kwa ndugu yake ili awahi usaili.

Shangazi hakuelewa. Mimi nilielewa, nikatamani kuingia kwenye pipa la maji. Ikabidi nipande juu ya kreti ya soda, niwaeleze kwamba kazi hakuna, kuna supu. Nikawaeleza na habari za mstari. Kisha kaka mmoja wa nyuma akauliza taratibu:

"Kwa hiyo bosi, hata wewe mwenyewe kazi huna?"

Walicheka mpaka madereva wakachungulia kutoka kwenye malori.

Shangazi aliifuta vumbi ile bahasha kwa upindo wa kitenge, akamrudishia mwenyewe. Akawaambia wote waingie wanywe chai bure, maana aliyewapoteza ni mtoto wake. Wakaingia. Madereva waliofuata kicheko nao wakaingia, wakaagiza supu. Yule dada wa Ikinga akakunja mikono ya blauzi, akaanza kuosha vikombe bila kuombwa.

Habari ya kufunga shangazi hajaigusa tena. Jioni hii ameniambia tu niloweke maharage ya kesho, mengi kuliko ya leo. Nimeyaloweka huku machozi yananilenga. Namshukuru Mungu kwa ajili yake, na kwa wale wote waliotoka mbali na hawakunipiga.

Yale maneno nimeyafuta, imebaki "supu Tunduma". Mstari bado umelala, lakini hao wachache wanaoitafuta angalau wana njaa. Basi msinicheke. Na mwenye kazi ya kweli aniambie, yule dada wa Ikinga bado yupo jikoni.