Maembe ya Twalha Katikati ya Machi

Jumatatu, 10 Machi 2025

Jana tulifuturu ukweni, Bunda. Nimerudi Musoma tumbo limejaa, roho imechafuka.

Kisa ni Twalha, mwanyumba wangu. Mimi nimeoa mkubwa, Samia. Yeye kaoa mdogo, Yasmin. Mkwe wa kwanza ni mimi, lakini jana nilikaa pale kama mtu aliyekuja kuulizia njia. Twalha kaja na jagi la juisi ya embe. Embe! Mwezi wa tatu! Msimu umekwisha, hata kokwa huokoti. Kumbe Desemba, maembe yalipokuwa yanaoza chini ya miti kule Mwitongo, Butiama, yeye alinunua, akamenya, akakata, akajaza friza. Nakumbuka nilimcheka. Nilimwambia anafuga barafu ya njano.

Mama mkwe, Bi Siwema, alikunywa akafumba macho. Akaomba tena. Mimi, Hamduni, muuza matunda ninayejulikana Musoma nzima kwa mkokoteni wangu, nilipeleka tikiti na papai la kutoka Guta. Akasema ahsante mwanangu, akawagawia watoto wa jirani.

Halafu akatangaza. Magoti yamegoma, hawezi tena kushinda kibandani. Kile kibanda chake cha matunda karibu na stendi ya Bunda! Baada ya Idi atamwachia mmoja wa wakwe. Jumapili ijayo kila mkwe alete sinia lake la matunda, naye ataonja na kuamua.

Nakitaka kibanda kile. Siku nilipopeleka posa nilikitazama kibanda kuliko nilivyomtazama Samia. Na sasa naona kinaelekea kwa mtu mwenye friza. Nina wivu. Basi, nimesema.

Jumanne, 11 Machi

Nimeanza kazi. Kila mteja nimemwambia kwamba tunda likigandishwa linakufa. Vitamini hutoka nje kila mlango wa friza unapofunguliwa. Linabaki maji na rangi. Mwanamume akilizoea anapata baridi ya mgongo. Hili la mgongo nimelitunga mwenyewe na ndilo lililopendwa. Baada ya adhuhuri nikalikuta msikitini limeshafika kabla yangu, tena limeongezewa magoti.

Magoti! Nikafurahi sana. Mama mkwe akilisikia hilo, Twalha kaisha.

Alasiri akaja Bi Nyamburi, mteja wangu wa siku zote. Akasikiliza hadi mwisho. Akashika papai langu, likabonyea. Akauliza: kama tunda la kwenye friza ni maiti, hili lililoanikwa juani tangu Jumamosi tuliiteje? Watu wakacheka hadi saumu zao zikatikisika. Sikuuza kitu tena. Wasio na adabu wapo hata mwezi mtukufu.

Jumatano, 12 Machi

Nimeona nitafute mtu wa serikali wa kuniunga mkono. Nimekwenda zahanati kwa Sista Matrida, anayefundisha akina mama mambo ya lishe. Nilitaka jambo dogo tu: aseme kwamba kugandisha kunaua vitamini, ili niweze kusema yeye ndiye kasema.

Amekataa! Amesema tunda likivunwa limeiva na kugandishwa mapema, lishe yake karibu yote inabaki. Vitamini C inapungua kidogo, ndiyo, lakini inapungua zaidi kwa tunda linalozungushwa mjini juu ya mkokoteni siku nne. Aliposema mkokoteni aliniangalia. Nani kamwambia?

Akaendelea. Alisema kinachoharibika ni nyama ya tunda. Maji yaliyo ndani yakiganda yanavimba, yanachana nyama, na barafu ikiyeyuka tunda linalegea. Kwa juisi haina neno, kwa kukata na kupanga sahanini haifai, hasa lenye maji mengi. Tena kitu cha baridi sana ulimi hauusikii utamu wake vizuri. Hapo nilikuwa nimeshaacha kusikiliza. Nilikuwa nimekamata lile la kwanza: lishe inabaki. Kama ni hivyo, kwa nini agandishe Twalha peke yake?

Alhamisi, 13 Machi

Nimekwenda Bunda kwa kisingizio cha kumsalimia shemeji Yasmin. Friza ipo sebuleni, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama kitanda cha mtoto. Inanguruma taratibu. Nimeichukia papo hapo.

Twalha kanipokea kwa furaha. Ndiyo tabia yake mbaya. Nikamuuliza siri yake, naye akaimwaga yote bila kubembelezwa. Anachagua yaliyoiva vizuri, anakausha maji, anafunga vifurushi vidogo, anatoa hewa. Ya kugandisha ni ya juisi tu. Ya sinia ananunua siku hiyohiyo. Na tikiti, alisema, kaka usiliguse kabisa na friza, litakuaibisha.

Nimecheka moyoni. Mtu gani anampa mshindani wake siri ya kweli? Ina maana ukweli ni kinyume. Yaani silaha ni tikiti!

Wakati naondoka kaniambia nafasi ipo kwenye friza, nikitaka niweke vitu vyangu. Nikamwambia sina shida. Niweke matunda yangu kwake, halafu akikabidhiwa kibanda aseme hata sinia la Hamduni limelala kwangu? Heri yaoze.

Ijumaa, 14 Machi

Khutba ya leo ilihusu husuda. Imenigusa sana. Nimesikitika Twalha yuko Bunda, angeisikia.

Baada ya swala nimekwenda Makoko kwa Kasmiri, anayenunua sato na sangara kwa wavuvi. Ana friza kubwa inayomeza mtu mzima. Kanipa upande mmoja, akasogeza samaki upande wa pili. Nimekata tikiti kwa umbo la nyota, papai kwa umbo la mwezi mwandamo, ndizi nikazipanga duara. Sinia zima nimeliingiza vilevile, wazi, ili baridi ipite vizuri.

Nilimuuliza Kasmiri kama hakuna harufu. Akavuta pumzi ndefu akasema yeye miaka yote yuko hapa na hajawahi kusikia harufu yoyote. Nikatulia.

Jumamosi, 15 Machi

Limeganda! Nyota zinang'aa kama vioo. Ukigonga, zinalia. Kwa kawaida sipeleki tunda kwa mtu bila kuonja, lakini nimefunga, na jioni Kasmiri anakuwa ameshafunga friza kwa kufuli. Nikamwomba aonje yeye, kwa kuwa ni Mkristo na hafungi. Akatafuna nyota nzima. Akasema, "Hii ni tamu kabisa! Mimi naonjaga vitu, Hamduni, siwezi kukudanganya."

Samia kaniuliza kwa nini nisinunue tu tikiti jipya asubuhi. Nikamwambia biashara haina huruma. Akasema dada mtu na mdogo mtu hawajagombana kwa ajili ya kibanda, ila wanaume wao wanakondeana. Nikamwambia Twalha hajakonda hata kidogo, na hicho ndicho kinachoniuma.

Jumapili, 16 Machi

Sitaki kuandika. Naandika.

Tuliondoka Musoma mchana, sinia ndani ya boksi mapajani mwangu. Kufika Kiabakari gari likapata pancha, tukakaa juani muda mrefu. Boksi likaanza kutokwa jasho. Abiria wakalalamika kuna mtu kapanda na samaki. Na kweli, harufu ilikuwepo! Nikamgeukia mama mmoja mwenye ndoo, nikamwambia kwa ukali kwamba watu wamefunga. Akafunua ndoo. Ilikuwa na viazi.

Ukweni nikafunua boksi mwenyewe, mbele ya wote. Nyota zilikuwa zimelala. Mwezi mwandamo umekuwa kamasi. Ndizi nyeusi tii, zinaogelea kwenye maji mekundu. Nikasema ni mtindo mpya. Twalha kaleta nanasi alilokata muda uleule, na jagi lile la embe. Nikasisitiza langu lionjwe la kwanza, kwa kuwa mimi ndiye mkubwa.

Adhana. Tende. Mama mkwe akachukua kipande cha tikiti. Akatafuna. Akaacha kutafuna. Akaniuliza kwa upole kabisa, kama anayeuliza hali ya mgonjwa, hili ni tikiti au ni sato. Baba mkwe, ambaye hupenda samaki kuliko wanawe, akaonja naye, akauliza ugali uko wapi. Samia akajifunika uso kwa mtandio. Mabega yalikuwa yanatikisika. Nilidhani analia.

Aliyenitetea ni Twalha! Alisema kosa ni la pancha, akajilazimisha kumeza vipande viwili. Machozi yakamtoka, akaendelea kusema ni tamu. Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia pale.

Bi Siwema akanawa mikono akatoa hukumu. Kibanda hapati Twalha, maana yeye ana kazi zake na anajua kugandisha tu. Kibanda hapati Hamduni, na hili hakulitolea sababu, na hakuna aliyeuliza. Kibanda anapewa Samia. Yeye ndiye aliyekaa naye pale tangu usichana, anajua tunda kwa kulishika. Twalha atampelekea maembe ya juisi.

Wote wakasema alhamdulillah. Na mimi nikasema, kwa sauti ya chini.

Jumatatu, 17 Machi

Kibanda kimeingia nyumbani kwangu. Nilichokitaka kimekuja, kimelala kitanda kimoja na mimi. Ningetakiwa kuchinja kuku.

Lakini tangu asubuhi simu ya Samia haitulii. Hongera mama. Hongera bosi. Anacheka na wateja ambao hata hajawauzia. Ameniambia, kwa mapenzi kabisa, kwamba nitakuwa namletea matunda na yeye ndiye atakayechagua yanayofaa. Atachagua! Mimi nichaguliwe! Usingizi wa mchana umenikatalia. Wivu wa Twalha ulikuwa wa kusafiri nao hadi Bunda. Huu unanipikia futari.

Hata hivyo akili yangu haijalala. Ng'ambo ya barabara, kinatazamana kabisa na kibanda cha Samia, kuna kiwanja kidogo kitupu. Nimeshaongea na mwenyewe kwa simu. Nitauza matunda ya kukausha: maembe, ndizi, mananasi, hata tikiti. Nasikia jua haliharibu kitu. Sista Matrida sitamuuliza, yule hupenda kukatisha watu tamaa.

Mke wangu atajuta. Wateja wote nitawavutia upande wangu, hadi afunge kibanda mwenyewe. Akishafilisika, mimi na yeye na watoto tutakula nini, hilo nitalifikiria baada ya Idi.