Vita vya Erasto na Mlango wa Bi Mwanahawa

Kaeni kitako, enyi watu wa Mtwara na viunga vyake! Mnaobangua korosho, ziwekeni chini, na mwenye kikohozi akakohoe mbali, kwani leo nawasimulia tendo ambalo wazee wetu hawakulitenda, na wangeambiwa walitende wangecheka. Nawasimulia Erasto, karani wa masjala, Mfinya-Jicho, Bwana wa Stendi ya Miguu Mitatu, aliyeondoka Chikongola asubuhi ya Jumamosi kwenda Mikindani kuuteka mlango mmoja kwa kamera.

Wapiga picha wengine, maskini wa Mungu, hupiga picha kwanza, kisha ndipo wanapoulizwa walikuwa wakifikiri nini. Erasto hakuwa wa daraja hilo. Yeye alianza na fikra. Kwa majuma mawili alikuwa ameandika kurasa tatu alizoziita Upweke wa Mlango, akaeleza humo jinsi alivyoungoja mwanga, jinsi kimya kilivyomwingia mifupani, na jinsi ubao wa kale ulivyolia pasipo machozi. Ilibaki picha tu. Kesho yake, Jumapili, palikuwa na maonyesho ya wapiga picha wa kujifurahisha, kila mmoja amepewa msumari wake ukutani, naye alikwisha kuwasomea kurasa zile ofisi nzima. Gladness wa mapokezi alimsikiliza hadi nukta ya mwisho, kisha akauliza picha yenyewe iko wapi. Swali hilo lilimkaa kooni kama mwiba wa changu. Bila picha, msumari ungebaki mtupu, na Gladness angeuona.

Basi saa tatu asubuhi shujaa akaisimika stendi mbele ya nyumba ya mawe ya Bi Mwanahawa, mjane mwenye mlango wenye nakshi nyingi kuliko yote mtaani. Hakusalimu. Hakupiga hodi. Akafumba jicho moja. Na hapo, jamaa zangu, ndipo alipokosea kosa ambalo mtoto wa pale halikosei, kwani mtu akisimama kimya mbele ya mlango wa watu, mlango huo hautulii tena. Lazima atoke mtu amwulize ana nini.

Akatoka Rukia, binti wa nyumba, akamkaribisha ndani. Erasto akashukuru, akasema yupo kazini. Rukia akaingia, akarudi na kigoda ili mgeni asisimame juani, akakiweka kizingitini, katikati ya picha kabisa. Shujaa akarudi nyuma hatua tano. Akatoka shangazi mtu na kikombe cha maji. Shujaa akarudi nyuma hatua kumi, hata mgongo ukagota ukuta wa jirani, na jirani naye akatoka, akaona mtu wa ofisini kaduwaa bila neno, akajua pana msiba, akaenda kuwaita wenzake. Ilipofika saa sita, mlango ule wa upweke ulikuwa na watu kumi na mmoja, wote wakimpa pole. Kadiri alivyoungoja uwe mtupu ndivyo ulivyozidi kujaa.

Ndipo Mfinya-Jicho alipopanda juu ya kigoda, akahutubia kama jemadari mbele ya majeshi.

"Enyi wana wa Mikindani," akanena, "mimi nimekuja kuutafuta upweke. Niazimeni mlango huu bila mtu, kwa kitambo kidogo tu, nami nitaupeleka mbele ya macho ya walimwengu."

Wakatazamana. Bi Mwanahawa, aliyekuwa amesimama kizingitini, akajifunga kanga yake vizuri.

"Mwanangu," akasema, "mimi nimefiwa na mume, sijafiwa na watu. Ukiwaonyesha mlango wangu mtupu, watasema Mwanahawa kabaki peke yake, hana wa kumjulia hali. Kwako hiyo ni picha. Kwangu ni aibu."

Neno hilo lilikuwa zito, nami ningependa kuwaambieni kwamba shujaa alilitafakari. Thubutu! Alikuwa akitazama jua. Bi Mwanahawa akasema chakula kimeiva, ugali wa muhogo na pweza wa nazi, na wote waingie, na yeye pia. Wakavua viatu, wakaingia. Erasto akasema anakuja. Hakwenda. Tumbo likamnguruma, akalikemea, akabonyeza mara moja, mara mbili, mara arobaini. Kisha akakunja stendi, akakimbilia mjini kusafisha picha, bila hata kuaga.

Jumapili picha ikatundikwa kwenye msumari wake. Bi Mwanahawa alikuwa amesikia habari, akaja na Rukia kuutazama mlango wao, akasimama mstari wa mbele. Erasto akasoma kurasa zote tatu. Alipofika kwenye ubao unaolia, watu wakasogea kuutazama.

Mlango ulikuwa mtupu kweli. Ila kizingitini palikuwa na kandambili jozi kumi na moja, zimepandana, na juu ya kigoda palikuwa na sahani iliyofunikwa kawa, na kando yake birika la kunawia. Rukia alikuwa ameviweka pale. Mfinya-Jicho, aliyefumba jicho moja na la pili akalijaza fikra, hakuwa ameviona.

"Chakula cha nani hicho?" akauliza Gladness.

"Cha huyo," akajibu Bi Mwanahawa. "Tulimngoja mpaka kikapoa."

Gladness akasema kwamba mpweke anamwona, ila hayumo kwenye picha. Watu wakacheka, na Erasto akaona haya mpaka masikio yakamwaka moto. Akazikunja zile kurasa, akazitia mfukoni, akamwomba mama radhi, akauliza kwa sauti ndogo kama pweza alibaki.

"Pweza hakosi," akasema Bi Mwanahawa. "Njoo. Lakini uje kama watu wanavyokuja."

Na iandikwe, enyi mliosikia, ipate kusomwa na wajukuu wa wajukuu: jioni ya Jumapili ile, Erasto, karani wa masjala, Mshindi wa Kizingiti, alisimama mbele ya mlango ule ule, mikono mitupu, macho yote mawili wazi. Majemadari wamezizingira ngome miaka saba wasifunguliwe. Yeye alivua viatu, akakohoa kidogo, akapiga hodi, na nyumba nzima ikaitikia karibu.