Shangazi Anakuja Kumchukua Prisca

Jumatatu, 3 Juni

Dada Minza kapiga simu kutoka Misungwi. Anakuja Ijumaa. Kasikia kwamba binti yangu Prisca, miaka kumi na minne, hajui Kisukuma. Akimkuta hivyo anaondoka naye, akalelewe huko kwao. Nikajibu kwa sauti nzito kwamba Prisca ni Msukuma kuliko sisi sote. Halafu nikakata simu na kukaa chini.

Ukweli nauandika hapa tu. Mtoto kazaliwa hapa Ubaruku, katikati ya mpunga. Kisangu anakisema na wenzake wa shule, Kinyakyusa na jirani yetu Mama Tupokigwe. Mimi na marehemu mke wangu Roza tulihamia Usangu na ng'ombe wetu, kazi ikatuzidi, mtoto tukamsemesha Kiswahili. Kisukuma tulibaki tukikisema na ng'ombe.

Roza angecheka. Alikuwa akicheka anafunika mdomo na upande wa khanga.

Jumanne, 4 Juni

Amri mpya: ndani ya nyumba hii ni Kisukuma tu. Prisca kakubali bila kinyongo. Ndivyo alivyo.

Asubuhi kimya. Mchana kimya. Nikataka kumwomba chujio la chai, neno lenyewe likanitoka. Miaka ishirini sijaliita chujio hilo kwa Kisukuma. Nikaonyesha kwa kidole. Akaniletea kiatu. Nikaonyesha tena. Akaleta cha pili.

Jioni amri imefutwa. Tumeongea mpaka chakula kikapoa. Kumbe nilikuwa nimemkumbuka.

Jumatano, 5 Juni

Leo chakula. Dada akila michembe iliyopikwa na Prisca, maswali yataisha. Juzi nilikata viazi vitamu nikavianika juu ya bati vikauke. Leo nimepanda kuvichukua. Kuku wa Mama Tupokigwe wamenitangulia. Kuku wa Kinyakyusa wanapanda mpaka kwenye bati!

Nikaenda mpaka Chimala kununua michembe sokoni. Muuzaji kaniuliza, mzee, kwani huko kwenu viazi hakuna. Nikalipa nikaondoka.

Prisca kaipika na karanga. Tamu kuliko ya mama yangu, Mungu anisamehe. Nikamuuliza kafundishwa na nani. Akasema Mama Tupokigwe ndiye aliyempikia Roza, siku za mwisho Roza alipokuwa akielekeza kutoka kitandani, akashika kila kitu, akaja kumfundisha yeye baadaye.

Nikaenda kutazama ng'ombe kidogo. Vumbi lilikuwa jingi.

Alhamisi, 6 Juni

Kupiga magoti. Binti wa Kisukuma anamwamkia mkubwa kwa magoti, hilo hata Dada hawezi kulipinga. Nimemwita mzee Obeid wa duka la pembejeo, Msangu, tufanyie mazoezi kwake. Prisca kapiga magoti, kainamisha kichwa, kaamkia taratibu. Nilitaka kupiga makofi.

Mzee Obeid kafurahi sana. Kasema hivyo ndivyo mabinti wa huku wanavyotakiwa kuwa, na kwamba Mama Tupokigwe anastahili pongezi kwa malezi.

Nimemweleza kwamba hiyo ni mila yetu. Kasema ndiyo, ya kwetu pia. Nikamweleza tena. Kanipa soda.

Ijumaa, 7 Juni

Dada kalala Iringa, kafika Ubaruku na bajaji, kajifunika mablanketi mawili. Nimempokea na mkokoteni wa ng'ombe. Mpango wangu: aone ng'ombe kwanza, moyo ulainike. Prisca kafundishwa maamkio ya Kisukuma njia nzima.

Kwenye mfereji wa pili mkokoteni ukazama. Ng'ombe wetu, Sajini na Bwana Shamba, wakagoma. Nikapiga kelele. Wakalala. Dada juu ya magunia ya mpunga anauliza kama ndiyo maisha yenyewe haya.

Prisca akavua viatu, akaingia kwenye tope, akashika pembe ya Sajini, akaanza kumsemesha. Kisukuma. Kisukuma safi cha Misungwi, sauti ya chini, ile ile ya Roza. Amka baba, vuta pole, usiogope maji, nyumbani ni pale. Mwaka wa tatu sijaisikia sauti ile. Ng'ombe wakasimama. Mkokoteni ukatoka.

Halafu akageuka kumwamkia shangazi yake. Maamkio yote yakawa yamempotea. Yaliyobaki kichwani ni maneno ya ng'ombe tu, ndiyo aliyoyasikia tangu utotoni. Akamwambia mbele za watu, kwa heshima zote na magoti kwenye tope: inua mguu, mama, polepole, ingia zizini, hakuna wa kukupiga.

Na Dada akainua mguu. Akashuka. Akakaa kwenye ukingo wa mfereji akacheka mpaka akalia, na alipolia hakuacha haraka.

Jumamosi, 8 Juni

Asubuhi tumekwenda kaburini kwa Roza. Dada kasema waziwazi kilichomleta. Akasema huko kuna bibi, kuna ukoo, mtoto hawezi kukulia kwa watu baki. Mimi nikawa natafuta uongo mzuri. Sikuupata.

Prisca alikuwa anang'oa majani kaburini. Hakuinua hata uso.

"Shangazi, nitakuja kuwaona, nitakaa likizo nzima. Lakini mama yuko hapa. Nikiondoka, baba atamwelezea nani habari za mama?"

Dada akanitazama muda mrefu, kama aliyenikuta na homa.

"Bujiku," akasema, "huyu mtoto umemlea wewe?"

Nikasema nimemlea na jirani. Lilinitoka lenyewe.

"Basi abaki. Na huyo jirani nataka kumwona."

Nimemtazama binti yangu akipangusa vumbi kwenye msalaba kwa kiganja. Sijui nimefanya nini kustahili mtu kama huyu. Nimeandika ili nisisahau.

Jumatano, 12 Juni

Balaa jipya. Dada haondoki. Tangu Jumapili anashinda jikoni kwa Mama Tupokigwe anajifunza kupika mbalaga, zile ndizi zao. Jana kala sahani mbili. Leo asubuhi kaniamkia kwa Kinyakyusa, na nilipogoma kujibu akarudia kwa sauti zaidi, akidhani sijasikia. Mama Tupokigwe kasema Dada ana ulimi mwepesi. Mtu mzima, mama wa watoto saba!

Lazima nichukue hatua. Nimempigia mwanawe Masanja kule Mwanza, nikamwambia mama yao anaharibika, waje wamchukue kabla hajasahau kwao. Masanja kasema atakuja na familia nzima, ila ana wasiwasi kidogo: wanawe wamekulia mjini Mwanza na Kisukuma hawajui hata neno.

Nimemwambia awalete tu. Nitawafundisha mimi.