Kibuyu Kilichotangulia

Jamani, leo nimeadhirika! Nimeadhirika mchana kweupe, na shati nililolipiga pasi mwenyewe. Nyinyi mlioko nyumbani Mkongani mtaipata tu habari hii, maana Tsuma hajui kufunga mdomo. Heri muipate kwangu.

Leo Jumamosi, kazi ya miwa imekwisha saa sita. Mimi na Tsuma, mwenzangu wa kukata naye miwa, tulikuwa na haja moja tu: mangwe tulivu hapa Msambweni, mahali pa kunywa tembo la mnazi bila kumwona nyapara. Mtu huyo wiki nzima anatupigia kelele shambani, halafu Jumamosi anatufuata mangweni kutueleza tena makosa ya Jumatatu! Na juzi ameniambia kwamba nikimvunjia heshima mara moja tu, nifunge mzigo nirudi kwetu nikalime mihogo. Kwa hiyo nilikuwa najichunga sana. (Mnacheka tayari? Ngojeni.)

Mangwe ya kwanza, karibu na soko: gramafoni inalia, watu wanapigana vikumbo. Tukapita. Ya pili ilikuwa kimya kizuri, lakini mlangoni imeegemezwa baiskeli ya askari. Tukapita kwa mwendo wa haraka kidogo. Tsuma akaanza kulalamika kwamba koo limemkauka, na kwamba mimi nachagua mangwe kana kwamba nachagua mke. (Mdomo wake huo!)

Nyuma ya maduka tukaona uwanja umefagiwa vizuri. Mikeka imetandikwa kivulini, wazee wamekaa kwa utulivu, na katikati yao kimesimama kibuyu. Hakuna gramafoni. Hakuna baiskeli. Nikamwambia Tsuma, "Hapa ndipo."

"Hodi! Shikamooni, wazee."

"Marahaba, wanangu! Karibuni, karibuni. Kibuyu kimetangulia, twawangoja ninyi tu."

Wanatungoja! Nikamkanyaga Tsuma mguu kwa furaha. Mangwe gani nyingine pwani hii inamngoja mtu? Tukapewa vigoda, tukaletewa maji ya kunawa. Mwenye nyumba, Mzee Nyamawi, Mduruma aliyehamia huku kutoka upande wa Samburu ya pwani, akanisogezea kibuyu na mrija.

"Onjeni ninyi kwanza, kama ilivyo desturi."

Desturi nzuri hiyo! Nikaonja. Tembo la asubuhi, tamu, halijachachuka. Nikaonja tena ili niwe na hakika. Tsuma naye akataka hakika yake. Wazee wakatazamana, mmoja akakohoa. Sisi tunaonja tu.

Akapita msichana na mtungi wa maji. Jina lake Mbeyu nimelijua baadaye. Wakati ule nilijua tu kwamba macho yake yanacheka kabla ya mdomo. Nikamwambia, "Dada, hiki kikiisha utuletee kingine." Akaziba mdomo kwa leso, akakimbilia jikoni, na huko jikoni wanawake wakaangua kicheko. Nikasema moyoni, hapa pana watu wachangamfu.

Nikajifanya muungwana. "Mzee, tutatoa kiasi gani?"

"Ah, mwanangu! Hayo hayazungumzwi siku ya kwanza. Tutaelewana polepole."

Na mkopo pia wanatoa! Nikaapa kwamba mangwe hii sihami mpaka nizeeke. Nikavuta mrija mpaka kibuyu kikakoroma.

"Hodi, wenyewe!"

Sauti hiyo naijua. Jamani, nyapara! Kanzu nyeupe, koti jeusi, mwavuli mkononi, na wazee wake nyuma. Nilitamani kuingia ndani ya kibuyu, nafasi ilikuwepo. Akaniona, mrija bado uko mdomoni.

"Wewe! Wafanya nini hapa?"

"Naonja, Bwana Nyapara."

Mzee Nyamawi akamtazama yeye, akanitazama mimi. "Kwani hawa si washenga wako?"

Washenga! Ndipo akili ikanirudi. Lile halikuwa tembo la kuuzwa, lilikuwa kadzama, tembo la posa. Na mimi kadzama nimeziona tangu mtoto! Anayetaka mke hutanguliza kibuyu, mshenga wake huonja kidogo kuonyesha kwamba hakina sumu, na wazee hawagusi mpaka binti aulizwe na akubali. Mshenga huonja kidogo! Mimi nilikuwa nimeimaliza posa ya nyapara wangu kwa mrija.

Mzee Nyamawi akakitikisa kibuyu. Hakikutoa hata sauti. Lakini desturi ni desturi, akamwita binti yake mbele ya wote.

"Mbeyu mwanangu, tembo hili limeletwa kwa ajili yako. Linywewe, au lisinywewe?"

Mbeyu akamtazama nyapara na mvi zake. Akanitazama mimi. Akakitazama kibuyu.

"Baba, limeshanywewa."

Vigelegele jikoni! Mzee mmoja alianguka kutoka kigodani kwa kucheka. Nyapara akageuka bila kuaga, akaondoka kwa kasi hata mwavuli akausahau mkekani. Nikainuka nimfuate nikamwombe radhi, Mzee Nyamawi akanishika shati.

"Waenda wapi wewe? Tembo la posa halinywewi bure. Jumamosi ijayo uje na wazee wako, na kibuyu kilichojaa."

"Na asikionje njiani!" Mbeyu akasema.

Nimerudi kambini natabasamu peke yangu kama mwehu. Moyo unanidunda kwa hofu na kwa raha, sijui kipi kimezidi. Kazi huenda sina tena, mke huenda ninaye, na mimi nilitoka kutafuta mahali pa kukaa kimya tu! Mwambieni mjomba afue kanzu yake, Jumamosi ana safari ya Msambweni. Nanyi msicheke. Mwavuli wa nyapara ninao mimi hapa, na atakayecheka ndiye atakayempelekea.